Nyumba Ambayo Baba Hakuingia

Kamolo, Homa Bay
Alhamisi, 11 Juni 1964

Kwa ndugu yangu mkubwa Ratemo,

Salamu kwako na kwa shemeji Bathsheba na watoto wote, na kwa mama, ambaye najua barua hii itafunguliwa akiwa ameketi papo hapo mlangoni mwa duka. Uvimbe wa mguu wake umepungua? Na yale mahindi ya upande wa mto, mvua iliyaacha? Mimi ni mzima wa mwili. Sina homa, sina jino bovu, nakula. Lakini nimechoka, Ratemo, uchovu usioondoka kwa kulala, na ukiona mwandiko wangu umelegea usidhani nimeandikia gizani. Ni saa saba mchana na jua linawaka.

Ziwa bado linapanda. Tangu zile mvua kubwa za kabla ya Uhuru halijarudi nyuma hata kidogo. Nilipofika Kamolo, kutoka ngazi za veranda hadi majini kulikuwa na hatua sitini na nne za mchanga. Leo asubuhi nimehesabu kumi na moja. Wageni wanaokuja kupumzika huniuliza ufuo uko wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyeukunja nikauweka kabatini. Huuliza pia kwa nini wadudu wa ziwa wanaingia kwenye supu, na kwa nini kiboko anakula majani ya bustani. Nami hujibu ndiyo, pole, ndiyo. Kesho kutwa wanafika wengine, familia ya watu watano kutoka mashamba ya chai ya Kericho, wamekodi siku kumi, na shuka zao ziko kambani zinakauka nikikuandikia.

Barua yako ya tarehe mbili imenifikia. Unasema Jumapili hii baba mdogo Osoro na wazee watakaa, na kwamba neno limekwisha kuiva: Kemuma mke wangu, niliyemwacha hapo tangu mazishi ya baba, arudishwe kwao Rongo. Unasema wanawake wa boma hawali tena anachopika. Unasema hakuna anayelaumu desturi, kila mtu anajua baba yetu hangeweza kukanyaga nyumba ya mwanawe aliyeoa. Lakini mke mwenye moyo angemsukuma mumewe ajenge kibanda cha wazee kabla ya kununua mapazia. Na kwamba mwanamke aliyemwona mkwe wake akilala siku nne katika banda la mashua, mvua ikimpiga, huku yeye amelala ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, hafai kuitwa mke wa boma la Mayaka.

Kemuma hajajibu neno, unasema, na kimya chake ndicho kilichowathibitishia. Ratemo, nakuomba jambo moja. Barua hii isome mbele yao wote, tangu salamu hadi jina langu, wala usiruke mahali, hata pale utakapotamani kuruka. Utaona pia kwamba juu sikuandika kama kawaida yangu, "Nyumbani kwa Nyakundi." Anwani kamili nimeiweka mwisho.

Nianze na siku aliyofika baba. Mlimpandisha basi ninyi wenyewe hapo Migori, kwa hiyo mnajua alichobeba: jogoo, nusu debe ya wimbi, na machipukizi matatu ya migomba yaliyofungwa kwa gunia bichi. Alishuka Homa Bay, akapata lori la samaki hadi njia panda, na sehemu iliyobaki akaitembea. Hakutuma habari. Alisema mtu haombi ruhusa kwenda kubariki boma la mtoto wake. Nilimwona akiingia langoni, amesimama, anaitazama nyumba: kuta nyeupe, mabati yaliyopakwa rangi nyekundu, viti sita vya matete vimepangwa verandani. Akavua kofia. Baba yetu, ambaye hata mbele ya chifu kofia haikushuka.

Alimsalimu Kemuma kwa mbali, jinsi inavyotakiwa, na hakukubali kukanyaga hata ngazi ya kwanza. Nilimwambia siku hizi watu wanaingia. Alinijibu kwamba yeye ni mzee wa kanisa mwaka wa ishirini na tano sasa, na hajaona andiko linalomtuma kuingia mahali mke wa mwanawe anapolala. Alicheka aliposema hivyo, mnamjua. Kisha akauliza, basi yeye atalala wapi, na kabla sijajibu macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye banda la mashua.

Banda lenyewe mmelisikia tu. Ni nguzo na mabati, mbao pande tatu, na upande wa ziwa uko wazi ili mashua ipite. Siku hizi maji yanalilamba mguu. Tulimtandikia godoro juu ya mbao, Kemuma akampelekea uji na makaa kwenye jiko na mablanketi matatu. Kesho yake baba alipanda migomba yake, si pembeni, bali mbele kabisa, katikati ya majani ninayoyakata kila wiki yakawa laini, akasema hapa wajukuu watakula ndizi wakitazama maji. Jioni mvua ikageuka na upepo, ikawa inaingia bandani moja kwa moja kutoka ziwani. Siku ya tatu alianza kukohoa. Siku ya tano, Jumapili, nilimpakia kwenye lori la samaki hadi hospitalini Homa Bay, amejifunika blanketi na magunia, na Jumanne akatutoka. Daktari alisema ni mapafu. Hayo mnayajua. Niliyasema kwenye mazishi, na watu walilia, wakasifu heshima ya mzee aliyekubali kulowa kuliko kuvunja desturi.

Sasa yale msiyoyajua.

Nyumba si yangu.

Ni ya Memsabu Prentice, mjane anayekaa Kericho. Huikodisha kwa watu wanaotaka kukaa kimya karibu na ziwa, wiki moja au siku kumi, na mimi ndiye ninayefua shuka zao, ninayewakaangia ngege, samaki wa ziwani, ninayejaza mafuta ya taa kwenye friji na kumfukuza kiboko kwa kupiga sufuria. Mimi na Kemuma tunalala katika chumba cha boi, nyuma, karibu na tangi la maji. Mapazia mnayoyasema yananunuliwa Nairobi na kuletwa kwenye gari. Sijawahi kununua pazia hata moja maishani mwangu.

Sikuamka siku moja nikasema nitawadanganya ndugu zangu. Mwaka wangu wa kwanza hapa daktari mmoja, mgeni, alinipiga picha nimesimama verandani, mkono umeshika kiti. Niliituma nyumbani bila maneno. Ukajibu kwamba umeitundika dukani, kwamba mama amepiga vigelegele, na kwamba Mungu amemkumbuka Nyakundi aliyeshindwa na shule. Ningekurekebisha siku hiyohiyo. Hata karatasi nilishaitoa. Lakini wewe una duka, Ratemo, na mimi tangu utoto nilikuwa yule wa kutumwa maji, na kukumbukwa kulikuwa kutamu. Nikairudisha karatasi. Halafu Uhuru ukaja, wazungu wengine wakauza na kuondoka, ikawa rahisi mtu kuamini. Ulipoandika kuuliza wale wazungu wanaoonekana Kamolo ni akina nani, nilikujibu kwamba ni wapangaji wangu. Nilicheka nilipokuwa nikiandika hivyo. Kemuma hakucheka.

Baba alipoingia langoni nyumba ilikuwa tupu, maana miezi ya mvua hakuna anayekodi. Nilimvuta Kemuma jikoni, nikamwambia upesi tuhamie ndani kwa siku hizo chache. Alikataa kwanza. Aliniambia nimweleze mzee ukweli, na kile chumba cha pembeni chenye kitanda cha chuma na neti kitakuwa chake leo hii, kwa sababu nyumba ya mzungu si nyumba ya mwanawe. Mmeelewa alichokuwa akisema? Desturi inamfungia baba nyumba ya mwanawe. Haimfungii nyumba ya mtu baki. Ningesema maneno yale matatu niliyoandika hapo juu, baba angelala pakavu. Msidhani niliogopa kufukuzwa kazi. Memsabu alikuwa mbali, na shuka moja zaidi ya kufua si kitu kwangu. Niliogopa kofia ile. Alikuwa ameivua mbele ya nyumba yangu, na sikutaka kumwona akiirudisha kichwani.

Kibanda cha wazee, je? Ningekijenga juu ya ardhi ya nani?

Jioni ya pili, mvua ilipoanza kuingia bandani, nilimpelekea chai. Alikuwa amekaa na mgongo ukutani, blanketi hadi kidevuni. Aliniuliza taratibu, akikitazama kikombe, kama nyumba hii ni yangu kweli. Kwa sababu kama ni ya mzungu, alisema, yeye anaweza kuja akajinyoosha karibu na moto, hakuna ubaya wowote. Ratemo, kwa swali lile alinifungulia mlango, akasimama ameushika ili nipite. Nami nikasema, ni yangu, Tata. Akanywa chai yake. Akasema basi ni vizuri, Mungu aibariki, na akaniomba nimsogezee jiko.

Siku ya tatu alikuja Phelesia, jirani yetu anayeuza samaki wakavu, huyuhuyu atakayekukabidhi barua hii. Alikuwa amesikia kikohozi kutoka njiani. Mnajua baadhi ya watu hawana sauti ndogo. Akasema, "Wewe Nyakundi, hii mzee yako itakufa na baridi. Mimi niko na nyumba ya wageni, nitaifagia saa hii. Mlete!" Nikakataa. Niliona ni fedheha, Mkisii mzima mwenye jumba ampeleke baba yake kulala kwa jirani. Phelesia akanitazama akauliza, "Jumba ya nani?" kwa sababu Kamolo nzima inajua ni ya nani. Nikamshika mkono, nikamwomba anyamaze, mzee asisikie. Alikwenda zake akitikisa kichwa, na mimi nikaenda Homa Bay kutafuta dawa ya kifua, nikarudi jioni na chupa ndogo ambayo haikusaidia kitu.

Haya ndiyo niliyokuja nayo kwenye mazishi. Nilisimama mbele ya kaburi nikasikia watu wakimsifu baba, nikaona wanawake wakianza kumgeukia Kemuma, kwanza kwa macho, kisha kwa maneno, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni nyingi. Huzuni nilikuwa nayo, Mungu anajua. Lakini nilikiinamisha kwa sababu nyingine.

Bado halijaja lile lililonifanya nichukue kalamu. Siku niliyoondoka huko, Kemuma alinisindikiza hadi barabarani. Tulipokuwa tukingoja basi aliniambia kwamba siku ile niliyokwenda kutafuta dawa alimfuata baba bandani. Alisimama nje, akageuza uso pembeni kama mkamwana anavyotakiwa, akamweleza yote. Baba akamjibu kwamba anajua. Alijua tangu siku ya kwanza. Kutoka bandani alikuwa ananiona nikiwa ndani ya nyumba, kupitia mlango mkubwa wa kioo unaotazama ziwa, na muda wote ule nilikuwa nimesimama, mikono nyuma. Viti sita nje, vinne ndani, na mwenye nyumba hakai. Gari likilia huko barabarani nashtuka. Baba alisema hajawahi kuona mwenye nyumba anayeogopa viti vyake.

Kemuma akamsihi, kama anajua, basi aingie, moto uko tayari. Akakataa. Alisema nimekwisha kumwambia kwa mdomo wangu kwamba ni yangu, na akiingia atakuwa amenitangaza mwongo mbele ya mke wangu. Kwa hiyo ni yangu, na yeye haingii nyumba ya mwanawe. Akamwambia Kemuma aahidi kutolisema jambo hilo kwa mtu. Akasema, mzigo ule Nyakundi ameuinua mwenyewe, na siku akichoka atautua mwenyewe.

Ndiyo maana mke wangu amenyamaza mbele yenu. Mnasukuma sahani zake, mnamtayarishia njia ya kurudi kwao, na neno moja tu lingemwokoa, naye analishikilia kwa sababu alimwahidi mzee wetu, na kwa sababu neno hilo ni jina langu. Mimi peke yangu aliniambia, akisema mzee ameshakwenda na yeye amechoka kubeba peke yake. Na mimi nilifanya nini? Nilipanda basi. Nilirudi kufua shuka, wiki nne, nikajiambia maneno ya wanawake huisha yenyewe, hadi barua yako ilipokuja na kutaja Jumapili.

Mimi ndiye niliyemlaza baba bandani. Si Kemuma, si desturi, wala si mvua. Baba mdogo Osoro akitaka kumtoa mtu katika boma la Mayaka, mtu mwenyewe ni mimi, na sitabisha.

Wageni hawa wapya wanafika Jumamosi. Ndiyo, ni Sabato. Miaka yote hii wageni hufika Sabato nami huwapokea mizigo, na hilo pia nimewaficha. Nitawaonyesha vitanda na friji, nitawawekea funguo mkononi, na Jumapili alfajiri nitapanda basi la kwanza. Memsabu ataniandikia barua kali, lakini haitanikuta hapa. Barua hii nimeitanguliza kwa makusudi. Najijua. Nikija na mdomo mtupu nitapata sababu ya kusema kesho. Nikikuta mmeshasoma, sitakuwa na pa kurudi.

Memsabu aliagiza kwamba ile migomba ing'olewe kabla ya wageni, kwamba inawaziba watu wasione ziwa. Nimeing'oa asubuhi hii. Mmoja ulikuwa umetoa jani jipya. Nimeifunga kwa gunia bichi jinsi alivyoifunga baba, nitakuja nayo, nanyi mtanionyesha mahali pa kuipanda, kama pataonekana.

Picha ile itoe dukani. Mpe Kemuma, yeye ndiye aamue ya kuifanyia. Na umwambie kwamba simtumii ombi la msamaha kwa mkono wa mtu, nitakuja nalo mwenyewe. Kwa sasa nawaombeni tu apewe kiti, na chakula chake kiliwe. Ikiwa baada ya Jumapili bado atataka kwenda kwao, atakwenda kwa kutaka kwake, na nitambebea sanduku hadi Rongo.

Kitu kimoja zaidi, ndugu yangu, halafu nikuache. Barua hii yote nimeiandika nikiwa nimekaa kwenye kimoja cha vile viti sita. Gari moja limepita barabarani na sikusimama. Ni kiti kigumu kidogo, matete yake yanachoma mapaja. Laiti ningekaa juu yake mwezi uliopita na kumwita baba aje akae cha pili.

Msalimie mama kabla ya kumsomea, na baada ya kumsomea msalimie tena, akikubali. Salamu kwa shemeji, kwa watoto, kwa baba mdogo Osoro na wazee wote watakaokaa naye. Tutaonana Jumapili, Mungu akinifikisha.

Ni mimi mdogo wako,

Nyakundi Mayaka,
boi wa Memsabu Prentice,
Chumba cha nyuma, karibu na tangi,
Kamolo.